Kuuza Pikipiki Kongwe ya Kijapani: Namba, Kadi na Maneno ya Kweli

Pikipiki za mwendo kasi zilizoundwa Japani katika miaka ya 1990 ni chache wilayani zikilinganishwa na zile za ujazo wa sentimita 125 zinazobeba abiria hadi vijijini. Kwa sababu ya uchache huo, kuiuza moja kunahitaji maandalizi ambayo muuzaji wa pikipiki ya kawaida hahitaji. Mfano utakaotumika hapa ni wa kubuni: mwalimu mstaafu anayemiliki Honda CBR400RR ya mwaka 1994, aliyoiegesha stoo kwa miaka sita tangu goti lilipoanza kumsumbua.

Mwalimu anapaswa kwanza kukijua anachokiuza. Honda ilianza kutoa toleo hili, linalofahamika kwa msimbo NC29, mwaka 1990. Injini yake ina silinda nne katika safu moja na ujazo wa sentimita 399. Ukubwa huo una sababu yake. Leseni ya kawaida ya pikipiki nchini Japani iliishia sentimita 400, na kabla ya mageuzi ya mwaka 1996 leseni ya pikipiki kubwa ilipatikana kwa mtihani ulioangusha watu wengi. Viwanda vikaweka ufundi wa pikipiki kubwa ndani ya ndogo, na kipimo cha mwendo kikaishia kilometa 180 kwa saa.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani haina namba ya fremu yenye herufi na tarakimu 17 kama zile za kuuzwa nje. Ina msimbo wa toleo, kistari, kisha tarakimu saba. Tena, namba ya injini ya NC29 huanza na NC23E, msimbo wa toleo lililotangulia, na mnunuzi asiyejua hudhani injini imebadilishwa kwa hila. Muuzaji mwangalifu husafisha shingo ya fremu na ubavu wa injini, akalinganisha kila tarakimu na kadi ya usajili kabla hajamwita mnunuzi yeyote. Tarakimu moja iliyokosewa kwenye kadi miaka mingi iliyopita hurekebishwa kwa amani wakati hakuna anayegombana; mkataba ukishatiwa saini, kosa hilohilo hugeuka tuhuma.

Kisha ije hali ya chombo chenyewe. Petroli iliyokaa miaka sita huacha utando ndani ya kabureta zote nne, na tangi huota kutu kwa ndani hata kama rangi ya nje inang'aa. Sili za shokamzoba za mbele hukauka na kuvujisha oili. Tairi huweza kuwa na kashata nzima lakini mpira ukawa umezeeka: tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ubavuni huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na 2309 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la umri huo halifai kwa pikipiki ya aina hii, na kulinyamazia ni kumtega mwenzako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mnunuzi aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Ni busara kasoro zinazojulikana ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa lugha nyepesi, kila upande ubaki na nakala.

Majaribio ya barabarani yanastahili tahadhari zaidi kuliko yanavyopewa. Kijana aliyezoea pikipiki ya abiria hajajiandaa kwa injini ambayo nguvu yake hulala chini kisha huamka ghafla mizunguko inapopanda. Mwalimu amwombe leseni ya daraja linaloruhusu ukubwa huo, ahakikishe bima ipo hai, na asikubali jaribio bila kofia ngumu. Mnunuzi atakayechukia masharti hayo na aende zake.

Baada ya fedha kulipwa, kwa vyema kupitia benki ili pabaki kumbukumbu, kazi haijaisha. Wauzaji wengi hukabidhi kadi na funguo, wakapeana mikono, wakaachana. Kwa mwenendo huo jina la mwalimu hubaki katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na pikipiki ikihusika katika ajali au uhalifu, mlango utakaobishwa kwanza ni wake. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, si katika ofisi za Halmashauri. Pande zote mbili huwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), vitambulisho, kadi halisi ya usajili na mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili. Ada na ushuru wa stempu hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kabla ya hapo muuzaji aangalie kama namba ya usajili inadaiwa faini za usalama barabarani, azilipe au apunguze bei kwa makubaliano ya maandishi. Njia salama ni wote wawili kushughulikia uhamisho siku ileile ya malipo.

Hali hubadilika mwenye kadi akiwa amefariki. Mtoto aliyekuwa akiiendesha pikipiki ya marehemu baba yake, hata kwa ridhaa ya ndugu wote, hana mamlaka ya kuiuza. Ukoo hukaa kikao na kuandika muhtasari, cheti cha kifo hupatikana, na maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye atakayetia saini mkataba. Mnunuzi anayeambiwa kwamba mirathi itafuatiliwa baadaye na azuie fedha zake mpaka barua ya uteuzi imfikie mkononi.