Tufume Sweta la Mtoto Mchanga



Anayeamka alfajiri mwezi wa Juni au wa Julai hahitaji kuambiwa na gazeti kwamba huku kwetu kuna baridi. Vilima vya Ngara vimepita meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Biharamulo nako, ukungu wa asubuhi hauna huruma. Mtu mzima hujifunika blanketi, akatetemeka kidogo, mwili ukapata moto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi. Mwili wake ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, na joto humtoka upesi.

Joto la mwili wa mtoto mchanga linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mtoto ameanza kupoa. Mtoto aliyepoa hunyonya kwa unyonge, na asiyenyonya vizuri huzidi kupoa. Basi leo tutajifunza kufuma sweta dogo, lililo wazi mbele.

Lakini kwanza tuelewane. Sweta si dawa. Mtoto akizaliwa hukaushwa mara moja na kuwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu anahitaji kifua cha mama kuliko sweta lolote, na muuguzi atamwonyesha mama namna ya kumbeba. Sweta linakuja baadaye, kwa safari ya kliniki na kwa usiku wa kiangazi.

KARATASI YA ZAMANI

Kielelezo cha sweta hili tulikiona kwa mama mmoja wa Rulenge. Ilikuwa karatasi ya Kiingereza, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha anamowekea kadi za kliniki. Alirithi kwa mama yake. Katika miaka ya 1960 na 1970 akina mama wengi walifundishwa kushona na kufuma katika madarasa ya Maendeleo ya Jamii na ya UWT, umoja ulioanzishwa mwaka 1962. Wengine walibaki na vielelezo kama hivi, vikawekwa tu, kwa kuwa mwenye kujua Kiingereza hakuwapo.

Kikundi cha kisomo kiliitandaza mezani. Mmoja akasema, "Kiingereza hatukijui, lakini namba ni zile zile." Wakazizungushia kalamu ya risasi zote walizoziona. Hapo kazi ikaanza.

Karatasi ilitaja sindano namba 8. Hii ni namba ya Kiingereza ya zamani, na inawadanganya wengi, maana inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Namba 8 ni milimita 4. Namba 10 ni milimita 3 na robo. Namba 14 ni milimita 2 tu.

Ilitaja pia uzi aunsi 3. Aunsi moja ni karibu gramu 28, kwa hiyo aunsi 3 ni kama gramu 85. Dukani nunua vibunda viwili vya gramu 50, utabakiwa na kidogo cha kofia. Kifua kiliandikwa inchi 18. Chukua futi ya fundi cherehani, ile yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Tazama inchi 18, geuza futi, utakuta karibu sentimita 46. Hakuna hesabu ya kuumiza kichwa.

Mambo mawili ya karatasi ile tumeyaacha kwa makusudi. Sweta la pichani lilikuwa na matundu matundu ya urembo. Ni mazuri kwa macho, lakini kidole cha mtoto huingia humo kikanaswa. Tena lilifungwa kwa utepe shingoni. Utepe shingoni kwa mtoto anayelala hatuutaki hata kidogo.

SINDANO: KAZI YA BABA

Baba asiweke gazeti chini akidhani haya ni ya wanawake. Sindano atachonga nani?

Wengi hutumia njiti za baiskeli. Ni imara, lakini njiti ya kawaida ina unene wa milimita 2, yaani ile namba 14. Kwa uzi wetu utapata kitambaa kigumu kama mkeka. Chonga mwanzi mkavu au mti mgumu, urefu wa sentimita 30, ncha moja kali kiasi, nyingine na kifundo ili vitanzi visitoroke. Sugua kwa kipande cha chupa, umalize kwa msasa, mpaka uzi usikwame popote.

Utajuaje kwamba ni milimita 4? Chonga vijiti vitano, uvilaze bega kwa bega juu ya rula. Vikijaza sentimita 2, ni sawasawa. Chagua viwili vilivyo bora. Vitatu vilivyobaki viwe akiba.

UZI

Uzi mpya ni ghali. Siku hizi sweta la mtumba la mtu mzima linatoa uzi wa kutosha, tena wa sufu halisi kama una jicho zuri. Kabla ya kulipa, ligeuze nje ndani, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kitambaa kimekatwa kwa mkasi kikashonwa kwa cherehani, liache, uzi utatoka vipande vipande. Ukiona kingo nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja, hilo linafaa.

Fumua mshono, kisha anza kufumua kutoka shingoni, si chini. Zungushia uzi mgongoni mwa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyike, uoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Utundike kivulini na kijiwe kidogo chini yake, mikunjo inyooke.

Kujua kama ni sufu, choma kipande cha urefu wa kidole, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele iliyoungua, na majivu yake husagika. Uzi wa kiwandani wa jamii ya nailoni huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Huo nao unaweza kufumwa, na kufua kwake ni rahisi, lakini mtoto aliyevaa uzi huo asikae karibu na mafiga. Ukishika moto hugandamana na ngozi.

KITANZI

Kama unajua kufuma tayari, ruka hapa. Ufumaji ni kuvuta kitanzi kutoka ndani ya kitanzi kingine. Funga kitanzi cha kwanza kwenye sindano ya kushoto. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani yake, kutoka mbele kwenda nyuma. Pitisha uzi juu ya ncha hiyo, uuvute utokee kitanzi kipya. Ukikirudisha kitanzi kipya kwenye sindano ya kushoto bila kuachia cha zamani, umeongeza. Ukikiacha sindano ya kulia na kuachia cha zamani, umefuma. Mkono ni ule ule, tofauti ni unapokiweka.

Kufunga: fuma vitanzi viwili, ruka kile cha kwanza juu ya cha pili, kidondoke. Fuma kingine, rusha tena.

Sweta letu lote ni mfumo huo mmoja, kwenda na kurudi. Kila mistari miwili inatoa tuta moja, kama matuta ya viazi, kwa hiyo hesabu matuta.

SAMPULI KWANZA

Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, wakaishia na sweta la mwanasesere. Anza vitanzi 22, fuma matuta 20, upime. Inatakiwa upana sentimita 10 na urefu sentimita 10. Mkono wa mtu mmoja unabana, wa mwingine unalegea, hata kama uzi na sindano ni vile vile. Tuseme vitanzi vyako 22 vimetoa sentimita 12. Mgongo wa vitanzi 50 utakuwa sentimita 27 badala ya 23, na sweta zima litaongezeka kama sentimita 9 kuzunguka kifua. Tafuta sindano nyembamba zaidi ujaribu tena. Ikiwa imebana, tafuta nene. Sampuli ifumuliwe, uzi haupotei.

KAZI YENYEWE

Anza chini mgongoni na vitanzi 50. Fuma sentimita 15, yaani matuta 30.

Sasa mikono. Mwanzoni mwa mstari ongeza vitanzi 28, ufume mpaka mwisho. Geuza, ongeza vingine 28, ufume mpaka mwisho. Una 106. Hesabu kwa sauti, mwenzako asikie. Endelea kwa sentimita 9, matuta 18. Umefika mabegani.

Sasa shingo. Gawanya 106 hivi: 43, halafu 20, halafu 43. Fuma 43 vya kwanza, uvihamishie kwenye kipande cha uzi mwingine, ukifunge ncha. Funga 20 vya katikati. Maliza 43 vilivyobaki, na hivi ndivyo vitakavyokuwa kifua cha upande wa kwanza.

Fuma hivyo 43 peke yake kwa sentimita 3, ukomee upande wa shingo. Hapo ongeza vitanzi 13, vitakuwa 56. Endelea mpaka mkono, ukipima kutoka begani, uwe umeshuka sentimita 9 sawa na nyuma, na uzi wako uko upande wa kiganja. Funga 28 vya mkono. Vinabaki 28. Fuma sentimita 15, ufunge vyote.

Rudi kwenye vile 43 vilivyolala kwenye uzi. Virudishe sindanoni, uunge uzi upande wa shingo, ufanye vile vile. Tofauti ni moja: upande huu una matundu ya vifungo. Baada ya kuongeza vile 13 na kufuma tuta moja, anza mstari kutoka ukingo wa kifuani. Fuma vitanzi 2, leta uzi mbele, kisha fuma viwili kwa pamoja. Uzi ule uliopita juu unakuwa kitanzi kipya, hesabu haipungui. Mstari unaofuata ukifume kama vingine, tundu litaonekana. Toboa la pili sentimita 5 chini yake, na la tatu sentimita 5 tena.

Kunja mabegani, mbele ikutane na nyuma. Shona chini ya mikono na ubavuni kwa uzi ule ule, usikaze. Vifungo vitatu vishonwe kwa uzi mara mbili, uvivute kwa nguvu zako zote kabla ya kumvalisha mtoto. Kifungo kinachong'oka huishia mdomoni, na mtoto husongwa nacho.

Mtatuuliza kwa nini wazi mbele. Shingo ya mtoto mchanga haijakaza, na sweta la kuvutwa kichwani ni mashaka matupu. Tena siku ya mizani na ya chanjo foleni ni ndefu. Mama mwenye sweta la vifungo humvua mtoto mara moja, akapimwa, akavalishwa kabla hajapoa. Usiku usimfunike uso, na umshike tumbo au mgongo: ukikuta jasho, punguza nguo.

ZOEZI

1. Sampuli ya Mama A ni vitanzi 22, upana wake sentimita 11. Akianza mgongo kwa vitanzi 50, upana utakuwa sentimita ngapi? Abadili sindano zipi?

2. Vitanzi 11 vinatoa sentimita 5. Mtoto wa miezi sita anataka mgongo wa sentimita 25. Tuanze na vitanzi vingapi? Kumbuka kwamba shingo, mikono na kifua navyo vitabadilika. Jadilianeni kwa kiasi gani.

3. Tuseme kikundi kimenunua sweta la mtumba kwa shilingi 3,000 na vifungo sita kwa shilingi 600, kikapata uzi wa masweta mawili. Kila moja lilichukua siku nne. Mtaliuza kwa bei gani, na siku za mfumaji mtazihesabu vipi? Swali hili halina jibu moja, na wenye vikundi wanajua ugomvi wake.

4. Karatasi ya zamani inasema mkono uwe inchi 5 na nusu. Ni sentimita ngapi? Tumia futi.

Majibu mpelekeeni mwalimu wa kisomo, kila mmoja na sampuli yake mkononi.