Wiki Moja Chini ya Milima Miwili



Mara ngapi umesema, au umemsikia mwenzako akisema, "Laiti tungepata wiki moja tu, mimi na wewe, mbali na kazi na jamaa, mambo yetu yangenyooka"? Leo tujifunze kwa mume na mke walioipata wiki hiyo. Ni Wakenya wanaoishi Marekani. Mke ni muuguzi, hufanya kazi zamu ya usiku. Mume ni dereva wa lori la masafa marefu. Walifunga ndoa kanisani miaka kumi na mitano iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wamekuwa wakionana mlangoni: mmoja anaingia, mwingine anatoka. Waliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili, wakamwomba dada ya mke akae na watoto, wakasafiri hadi kisiwa cha Saint Lucia. Wameniruhusu niwasimulie habari zao, mradi nisiwataje majina.

Saint Lucia ni nchi ndogo katika Bahari ya Karibi. Eneo lake ni kilomita za mraba 617, dogo kuliko Kaunti ya Nairobi. Wafaransa na Waingereza walikigombania kisiwa hicho hadi utawala ukageuka mara kumi na nne, kisha kikapata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 22 Februari 1979. Kina jina la Mtakatifu Lusia, bikira na shahidi, na wananchi wengi ni Wakatoliki. Wengi wao pia ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Wenzetu hawa walipanga chumba katika mji wa Soufrière, karibu na milima miwili mirefu iliyochongoka, inayoitwa Pitons. Mkubwa unakaribia mita 800, na mdogo unapita mita 700. Tangu mwaka 2004 eneo hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa macho, basi, hawakukosa kitu. Sasa sikiliza yaliyowapata.

Siku tatu za kwanza

Walifika siku ya Jumatano. Mke alilala. Alhamisi alilala tena, akaamka kula, akarudi kitandani. Mwili uliokesha wodini kwa miaka ulikuwa unadai deni lake. Mume alikuwa ametarajia mazungumzo, matembezi na unyumba. Aliketi kibarazani na simu yake, akihesabu pesa walizolipa. Mwishowe akasema, "Mama watoto, tumetumia pesa zote hizi uje kulala?" Mke hakujibu. Aligeukia ukuta.

Ijumaa jioni walikwenda katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Anse La Raye. Kila Ijumaa wanakijiji huko huchoma samaki barabarani, na watu huja kula na kusikiliza muziki. Mume aliuliza bei ya sahani moja, akaambiwa dola arobaini. Akapandisha sauti mbele ya watu, akamwita mama muuzaji mwizi, akamshika mkewe mkono wakaondoka na njaa. Asubuhi yake mwenye nyumba aliwaeleza kwamba kisiwa hicho kinatumia dola ya Karibi ya Mashariki, na kwamba dola moja ya Marekani ni sawa na dola 2.70 za huko. Ile sahani haikufika dola kumi na tano za Marekani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wageni wao kwa wao. Siku ya tatu ilipofika, kila mmoja alishika jembe la kumchimbia mwenzake. Mke aliniambia, "Usiku ule niliwaza kwamba tulipokuwa hatuonani, angalau tulikuwa hatugombani."

Ardhi yenye ganda

Jumamosi walikwenda kuona chemchemi za salfa, nje kidogo ya Soufrière. Ni sehemu ya volkano ya zamani. Mara ya mwisho ililipuka mwaka 1766, na mlipuko huo ulikuwa wa mvuke, lakini mpaka leo matope meusi hutokota hapo kama uji jikoni, na hewa inanuka kama mayai yaliyooza. Zamani wageni walitembezwa mpaka karibu na mashimo hayo. Siku hizi hutazama kwa mbali, nyuma ya uzio, kwa sababu mahali pengine ardhi inaonekana kavu na imara kumbe ni ganda jembamba, na chini yake maji yanachemka. Upande wa chini kuna mabwawa ya maji vuguvugu ambamo watu huoga na kujipaka matope.

Walioga bila kusema neno. Lakini jioni, wakiwa kibarazani, mke alisema, "Baba watoto, ile ardhi ni mimi."

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelitaja kwa miaka saba. Walikuwa wamepoteza mimba ya miezi mitano. Mume alikuwa safarini na mzigo, akafika nyumbani siku ya tatu. Alisema, "Ni mapenzi ya Mungu, tutapata mwingine," akaoga, akala, akalala. Hawakupata mwingine, na hakuuliza tena. "Uliniacha nikamzika peke yangu moyoni," mke alisema.

Mume alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaeleza kwamba siku ile aliegesha lori kando ya barabara kuu, akalia hadi akashindwa kuendesha. Alipofika nyumbani alijikaza, kwa sababu alifundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume akilia, nyumba itaanguka. Tangu hapo kila mmoja alimwona mwenzake kuwa na moyo mgumu. Kumbe wote wawili walikuwa wanaomboleza katika nyumba moja, kila mtu chumba chake.

Misa ya Jumapili

Jumapili walisali katika kanisa la Familia Takatifu huko Jacmel, katika bonde la Roseau. Nyuma ya altare ya kanisa hilo kuna mchoro mkubwa wa msanii wa Saint Lucia, Dunstan St. Omer, yule yule aliyebuni bendera ya nchi yake. Aliuchora mwaka 1973. Maria, Yosefu na Mtoto Yesu ni watu weusi, na wamezungukwa na watu wa kawaida wa kisiwa hicho.

Baada ya Misa walibaki wamekaa. Mume ndiye aliyeanza. Aliuliza, "Tungemwita nani?" Hapo ndipo walipompa mtoto wao jina, miaka saba baadaye, wakamwombea wakiwa wameshikana mikono. Kanisa linatufundisha kumkabidhi kwa huruma ya Mungu mtoto aliyefariki bila kubatizwa, nasi tuna tumaini juu yake (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, na. 1261). Wazazi hawa walikuwa wakilijua fundisho hilo, lakini hawakuwa wamelitumia pamoja.

Siku mbili zilizobaki hawakwenda mbali. Walikula ndizi mbichi zilizochemshwa pamoja na samaki wa chumvi, chakula cha taifa cha kisiwa hicho, na shelisheli la kuchoma ambalo mume alilijua tangu utoto wake Mombasa. Mume pia alirudi Anse La Raye kumtafuta yule mama muuzaji, akamwomba radhi.

Tujifunze nini?

Kwanza, likizo haiponyi ndoa. Likizo huondoa kelele tu. Kelele za kazi, watoto na jamaa zikiisha, yale mliyoyafunika husikika. Mkigombana siku ya pili au ya tatu, msikimbilie kusema safari imeharibika. Huenda ndiyo kwanza imeanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, mruhusu mwenzako apumzike kabla ya kumdai. Bwana wetu mwenyewe aliwaona mitume wake wamechoka hata nafasi ya kula hawana, akawaita kando wapumzike (Mk 6:31).  Mke anayelala si lazima awe anakukataa. Mume anayenyamaza si lazima awe amekuchoka.

Tatu, uliza kabla ya kukasirika. Ni wangapi kati yetu humhesabia mwenzetu kwa dola isiyo yake? Anasema neno kwa kipimo cha kwao, nasi tunalipokea kwa kipimo cha kwetu, tukamwita mwizi. "Una maana gani, mpenzi?" ni swali fupi, na lingeziokoa jioni nyingi.

Nne, ombolezeni pamoja. Enyi waume, mke aliyepoteza mimba amefiwa. Usimwambie atapata mwingine. Kaa naye, umuulize, umsikilize. Nanyi wake, msidhani kwamba asiyelia hana machozi. Mwulize alilia wapi.

Hapa nitoe onyo moja. Mazungumzo ya namna hii ni ya watu wasioogopana. Ikiwa nyumbani kuna kipigo au vitisho, usitafute safari ya kwenda mahali pa upweke na anayekupiga. Tafuta kwanza usalama wako na wa watoto, kisha umwone padre wako na watu wanaoweza kukusaidia.

"Mimi sina nauli ya Karibi"

Najua, ndugu msomaji. Nami sikuandika haya ili ukakope. Anayekopa ili kustarehe hurudi nyumbani na ugomvi mpya uitwao deni. Hawa wenzetu walichorudi nacho si kisiwa. Walirudi na saa moja. Walikubaliana kwamba kila mume atokapo safarini, saa ya kwanza watakayokuwa wote nyumbani ni ya kuketi wawili, simu zikiwa chumba kingine, bila habari ya karo wala kodi. Kila mmoja anasema ni nini kilichomlemea tangu waachane. Mwenzake anasikiliza mpaka mwisho.

Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha kwamba upendo unahitaji muda, na kwamba mambo mengine yanapaswa kuusubiri (na. 224). Muda huo unaweza kuupata chini ya mwembe, katika matembezi ya kurudi kutoka Misa, au jikoni watoto wakiwa wamelala. Kama mnaweza kupata siku mbili kwa jamaa anayeaminika, au katika nyumba ya mafungo ya jimbo lenu, nendeni. Kama hamwezi, anzeni na saa moja.

Je, hawagombani tena? Wanagombana. Mke bado ana zamu za usiku, na lori bado lina safari ndefu. Lakini ile milima miwili ya Soufrière, ukiitazama kutoka baharini, utadhani kila mmoja umesimama peke yake. Kumbe kuna ukingo wa nchi kavu unaoiunganisha. Mume huyo aliniambia kwamba kwao ukingo huo ni ile saa moja, na wakiiruka wiki mbili mfululizo, wote wawili wanajua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho tulipokaa wawili, bila simu, bila watoto na bila hesabu ya pesa?

2. Kuna msiba au hasara gani ambayo kila mmoja wetu ameibeba peke yake?

3. Ni neno gani nililolisema wakati huo ambalo lilikuumiza? Usijitetee. Sikiliza, kisha uombe msamaha.

4. Saa yetu ya wiki itakuwa siku gani? Iandikeni ukutani, karibu na kalenda ya parokia.

Mwenyezi Mungu, aliyewaunganisha katika sakramenti ya ndoa, awape ujasiri wa kuulizana na subira ya kusikilizana. Na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.