Kwenye Mchanga wa St Andrews: Mwongozo kwa Anayekwenda Kutazama The Open

Jumapili ya kawaida, Old Course ya St Andrews, Uskoti, haichezwi gofu. Uwanja ambao mabingwa wa dunia hungoja maisha yao yote kuukanyaga hugeuka bustani ya mji. Watoto hukimbizana, wazee hutembeza mbwa wao, wageni hupanda daraja la mawe la Swilcan kupiga picha. Hulipi kiingilio wala hakuna askari wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Nimeanzia hapa kwa makusudi, maana wengi wetu Afrika Mashariki tumezoea kuiona gofu kwa nje ya ua. Anayetaka kuyafuata mashindano ya gofu ya The Open na ajue mapema kuwa anakwenda kwenye ardhi ya umma, kisha aipange safari yake kwa kuzingatia hilo.

Ardhi hiyo ina kesi zake. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitia saini hati iliyotambua haki ya wenyeji kucheza gofu kwenye mchanga wa pwani, hata kama yeye angefuga sungura humo. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imezama kwenye madeni, iliiachia ardhi mikononi mwa wafanyabiashara, nao wakaijaza sungura wa biashara. Sungura wakachimba, wenyeji wakawaua, pande zote zikakimbilia mahakamani, na ugomvi ukadumu miaka mingi. James Cheape, mwenye shamba jirani aliyeipenda gofu, aliinunua mwaka 1821 na kuuokoa uwanja. Mji uliinunua tena mwaka 1894, na tangu mwaka 1974 inasimamiwa na taasisi ya Links Trust iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Kwa hiyo Old Course haina klabu inayoimiliki. Lile jengo kubwa la mawe nyuma ya shimo la kwanza ni la klabu ya Royal and Ancient, lakini nyasi zilizo mbele yake ni za watu.

Sasa mashindano yenyewe. The Open ilianza Oktoba 17, 1860, na haikuanzia St Andrews bali Prestwick, pwani ya magharibi ya Uskoti. Walicheza watu wanane tu, raundi tatu za uwanja wa mashimo 12, zote siku moja. Willie Park alishinda kwa mikwaju 174, miwili mbele ya Tom Morris, mtunza uwanja wa Prestwick. Mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa kwa wachezaji wa ridhaa pia, na jina la mashindano likapata maana yake. Zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi, na sharti lilisema atakayeshinda mara tatu mfululizo atauchukua moja kwa moja. Mtoto wa Tom Morris, naye Tom, aliuchukua mwaka 1870. Mwaka 1871 hapakuwa na mashindano kwa sababu hapakuwa na cha kushindania. Jagi la fedha tunaloliona leo, Claret Jug, lilianza kukabidhiwa mwaka 1873, na lilikabidhiwa St Andrews.

Leo mashindano huzunguka viwanja vichache vya pwani vya Uskoti, England na Ireland ya Kaskazini, kila mwaka katikati ya Julai. Ratiba imeipa Royal Birkdale mwaka 2026 na St Andrews mwaka 2027. Ukiwa na fedha za safari moja tu, ningekushauri usubiri mwaka wa St Andrews. Vingi vya viwanja vingine ni vya klabu, na wiki ya mashindano ikiisha, geti linarudi kuwa geti. St Andrews ukikosa hata tiketi ya siku moja, bado una mji wa kutembea.

Tiketi ndiyo kazi ya kwanza, nayo huanza mwaka mmoja kabla. Hazipangiwi foleni. Unajiandikisha bure kwenye mtandao wa The Open, unaingiza jina kwenye droo, unangoja. Watoto wa chini ya miaka 16 huingia bila malipo wakiwa na mtu mzima, jambo linaloifanya safari ya familia iwezekane kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukishapata tiketi, shughulikia viza ya Uingereza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3, lakini Juni na Julai ni msimu wa wasafiri wengi, basi usingoje. Tiketi ya gofu si dhamana ya viza, kwa hiyo chagua malazi yanayokubali kughairiwa. Na tahadhari kwa atakayekwenda Royal Portrush siku mashindano yatakaporudi huko: uwanja uko Ireland ya Kaskazini, ambayo viza ya Uingereza inaihusu, lakini ukitua Dublin umeingia nchi nyingine yenye viza yake.

St Andrews haina kituo cha treni, kilifungwa mwaka 1969. Unapanda treni Edinburgh, unashuka Leuchars baada ya kama saa moja, kisha basi linakumalizia kilomita chache zilizobaki. Kulala ndani ya mji wiki ya The Open ni ghali mno. Lala Dundee, ng'ambo ya mto Tay, ambako basi hufika kwa takribani nusu saa, au Edinburgh kama huogopi kuamka alfajiri. Wakati wa kiangazi Chuo Kikuu cha St Andrews hukodisha mabweni ya wanafunzi, na nje ya wiki ya mashindano hayo ndiyo malazi ningeyatafuta kwanza.

Kuhusu mavazi, usidanganywe na neno kiangazi. Fikiria Julai ya Limuru au Makambako, kisha ongeza upepo wa bahari unaopiga kutwa nzima. Koti la mvua ni lazima, viatu vya kutembea ni lazima, na mwavuli utakusumbua zaidi kuliko kukusaidia. Beba kadi ya benki kwa manunuzi ya uwanjani. Jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo siku ni ndefu sana: kundi la kwanza huanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na la mwisho humaliza jioni kabisa. Kula vizuri kabla hujaingia.

Siku gani? Jumatatu hadi Jumatano ni mazoezi, Alhamisi hadi Jumapili ni ushindani. Wachezaji 156 huanza, na baada ya raundi mbili hubaki 70 na wale waliofungana nao. Wengi hukimbilia Jumapili ili wamwone bingwa akiinua jagi. Mimi ningechukua Jumanne na Ijumaa. Siku ya mazoezi unakaribia wachezaji, wanaongea, wanarudia mpigo uleule mara tano, na hapo ndipo mtu asiyejua gofu anaielewa. Ijumaa ina uchungu wake. Wachezaji wote bado wapo, na wengi wanapigania kubaki. Unaweza kumwona mtu mwenye jina kubwa akisimama juu ya mpira ulio mita moja na nusu kutoka shimoni huku mikono inamtetemeka, kwa sababu akikosa anarudi nyumbani.

Old Course si uwanja rahisi kuutazama, na afadhali nikwambie sasa. Mashimo yanakwenda hadi mwisho wa peninsula na kurudi yakiwa yamepakana, watazamaji wakizuiwa pembeni kwa kamba. Ukisema umfuate mchezaji mmoja mashimo yote 18, sehemu kubwa utaona mgongo wake kwa mbali. Kuna grini (nyasi fupi zinazozunguka tundu la mpira) saba zinazotumiwa na mashimo mawili mawili, na ukijumlisha namba za mashimo yanayoshiriki grini moja utapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 5 na la 13, hivyo hivyo. Ni nne tu zenye grini za peke yake: la 1, la 9, la 17 na la 18. Kwa hiyo kaa mahali pamoja. Majukwaa yaliyoko uwanjani hayalipiwi zaidi ya tiketi, ukiwahi umepata. Nenda mwisho wa uwanja, mashimo ya 7 na 11 yanapopishana, ambako makundi ya kwenda na kurudi yanapita mbele ya macho yako. Chukua darubini. Au wahi shimo la 17.

Shimo la 17 nalizungumzia peke yake. Linaitwa Road Hole kwa sababu nyuma ya grini yake ipo barabara kweli, na nyuma ya barabara upo ukuta wa mawe. Mpira ukivuka grini, mchezaji hupiga kutoka barabarani. Mbele ya grini kuna shimo la mchanga lenye kuta wima ambamo mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani, akiwa miongoni mwa waliokuwa wakiongoza, alipoteza mikwaju mingi hata akamaliza shimo hilo kwa 9. Uwanja mzima una mashimo 112 ya mchanga kama hilo, na Tiger Woods alishinda hapa mwaka 2000 kwa tofauti ya mikwaju minane bila kuingia hata moja. Simama dakika ishirini pale shimo la 17 na utajua ushindi ule ulikuwa wa namna gani.

Hapo hapo, mwaka 1984, ndipo Tom Watson alipoupiga mpira ukaishia karibu na ukuta, huku mbele yake Seve Ballesteros akiutumbukiza mpira wake kwenye shimo la 18 na kurusha ngumi hewani. Wapenzi wa gofu wa Nairobi wana haki ya kulitaja jina hilo kwa fahari. Seve alishinda Kenya Open mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya kuichukua The Open kwa mara ya kwanza.

Adabu za mtazamaji si nyingi. Simu iwe kimya. Mchezaji akishajipanga juu ya mpira, simama ulipo, hata kama ulikuwa unaelekea chooni. Ukisikia sauti ya kupaza "Fore!", usitazame juu kuutafuta mpira. Inama na ufunike kichwa.

Ukiwa na siku za ziada, nenda Prestwick. Treni kutoka Glasgow hukushusha kando ya shimo la kwanza, reli na uwanja vikitenganishwa na ukuta tu. Ilipokea The Open mara 24, ya mwisho mwaka 1925, watazamaji walipozidi uwezo wa uwanja. Kichuguu cha mawe kinaonyesha pale walipoanzia wale wanane wa 1860. Jirani yake ni Royal Troon, yenye shimo la 8 la yadi 123 tu linaloitwa Postage Stamp, stempu ya posta, na limewatoa jasho wakubwa wengi. Upande wa mashariki, treni ya Dundee inakufikisha Carnoustie, ambako mwaka 1999 Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiwa na mikwaju mitatu ya ziada na kuipoteza yote, akavua viatu na kuingia kijito cha Barry Burn kuutafuta ushindi wake majini.

Kama unacheza, jina lako la Old Course linaingia kwenye droo siku mbili kabla, mkiwa angalau wawili, kila mmoja na hendikapu yake rasmi. Ukikosa, New Course ya mwaka 1895 iko pembeni na inapatikana kwa urahisi zaidi. Usiyapange haya kwa wiki ya mashindano wala siku zinazoitangulia.

Tenga asubuhi moja kwa makaburi yaliyo kwenye magofu ya kanisa kuu. Tom Morris na mwanawe wamelala humo. Kijana alifariki siku ya Krismasi 1875 akiwa na miaka 24, miezi michache baada ya kufiwa na mkewe na mtoto wao wakati wa uzazi. Baba aliishi hadi 1908. Simama kimya kidogo hapo.

Kisha shuka hadi uwanja mdogo unaoitwa Himalayas, karibu kabisa na Old Course. Ni wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1867, nyasi zake zina mabonde na vilima tupu, na mgeni yeyote huazimwa fimbo na mpira kwa pauni chache. Hawakuulizi kama umewahi kucheza.