Mtu hageuki mamba: darsa kutoka Ujiji



Ndugu msomaji, wiki hii nimeona tuzungumze jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa la kitoto. Ni hizi hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambao saa hii ni watu kama mimi na wewe, na punde si punde wamegeuka majitu, buibui au moto. Mimi pia nililihesabu la kitoto, mpaka liliponikuta.

Nasomesha madrasa hapa Ujiji. Jioni moja baada ya swala ya Alasiri, mwanafunzi wangu mmoja wa miaka tisa alibaki nyuma wenzake walipotoka. Begi lake lilikuwa na picha ya Ben 10. Kwa asiyemjua, huyo ni mtoto wa katuni ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005. Amevaa saa mkononi, na akiigonga tu anageuka kiumbe kingine, mara kiumbe cha moto, mara mnyama mkubwa asiye na macho. Kijana wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, yule bibi wa kule chini anayeuza mawese, kweli usiku anageuka mamba?"

Nilicheka. Nikamwambia aende nyumbani akaoge.

Siku chache baadaye nilimkuta bibi yule amefunga kitambaa kwenye paji la uso. Watoto walikuwa wamemrushia mawe alipokuwa akipanda kutoka ziwani na ndoo yake. Nilipouliza majina, wawili walikuwa wanafunzi wangu, na mmoja wao ni huyo wa begi. Tangu hapo kile kicheko changu hakijanitoka kifuani, na ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika darsa hili.

Kwanza tuwe waadilifu. Hadithi za kugeuka hazikuletwa na Wamarekani. Babu zetu wa pwani waliofika Ujiji na misafara katika karne ya 19 walitoka katika nchi zenye ngano za majini na za watu waliogeuzwa wanyama. Ngano za Alfu Lela Ulela zilitafsiriwa na kuchapishwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920. Unguja wana Giningi, mji wa wachawi usioonekana, ambao kila msimulizi huupitia kwa njia yake na kila msikilizaji anaujua kabla hajaambiwa. Hawa wa Marvel, wanaomhamisha Hulk kutoka filamu moja hadi nyingine na kumkutanisha na wenzake, wanafanya kwa fedha nyingi kazi ambayo bibi zetu waliifanya bure kando ya jiko.

Lakini tazama jinsi wetu walivyoifanya. Chukua kitabu cha Adili na Nduguze cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Kwa husuda yao wanamtosa baharini. Jini aitwaye Huria anamwokoa na kuwageuza wale wawili manyani, kisha anamwamuru Adili awapige kila usiku. Ukisoma kitabu kile unaona kwamba aliyeteseka zaidi ni Adili mwenyewe, aliyelazimika kuwachapa ndugu zake wa damu huku akiwalisha na kulia nao. Na mwisho wake wale ndugu wanarudishiwa umbo la kibinadamu, kwa kuwa mfalme Rai aliona haya na kuwaombea. Kugeuka pale kuna sababu, kuna mtu anayelia kwa ajili yake, na kuna mlango wa kurudi. Katika Ben 10 mtoto anageuka mara tano kabla uji haujapoa, na hakuna anayeumia wala anayetubu.

Yuko na mwandishi mwingine ambaye nasikitika vijana wa leo hawamjui, Muhammad Said Abdulla wa Unguja. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Baadaye, mwaka 1968, akatoa Kisima cha Giningi. Shujaa wake, Bwana Msa, hana nguvu yoyote ya ajabu. Ana kiko na akili. Watu wanapoogopa mzimu, yeye anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika na hofu hiyo. Kwa maoni yangu huyo ndiye shujaa anayetufaa zaidi hapa Kigoma kuliko wote wanaoruka angani.

Tulipokuwa vijana, filamu tulizitazama katika vibanda vya video, na mfasiri akitufasiria kwa Kiswahili huku akitia chumvi zake. Jini wa Hong Kong alizungumza kama mtu wa Manzese. Tulicheka, tukatoka nje, jua likatupiga usoni, na kibanda kikabaki nyuma yetu. Kulikuwa na mlango. Hata hadithi ya bibi ilikuwa na mlango: yeye anatangaza kuwa ni hadithi, ninyi mnaitikia, na ikiisha mnaambiwa imeisha. Leo mtoto anaangalia katika simu, chini ya shuka, peke yake. Baada ya Ben 10 inakuja filamu ya jini, baada ya jini inakuja video fupi ya mtu anayedai amemnasa mchawi aliyeanguka na ungo, na yote matatu yana sura moja kwenye kioo kile kile. Nani atamwambia lipi ni hadithi na lipi ni uzushi?

Nilianza na mamba, na hapa ziwani mamba tunaye wa kweli mwenye hadithi kubwa kuliko Hulk. Wazee wetu wa uvuvi wanamfahamu Gustave, mamba wa Mto Ruzizi na fukwe za kaskazini za Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Jina hilo alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Inasimuliwa kuwa risasi hazimwingii, na kwamba ndani yake mna kitu kingine. Faye na wenzake walijenga tundu kubwa la chuma ili wamnase, wakashindwa, na filamu ya jaribio hilo ikatolewa mwaka 2004. Kisha Hollywood ikachukua hadithi na kutengeneza filamu yake mwaka 2007. Ukitazama waliyoyaona watafiti hao, ni mamba wa takriban mita 6 mwenye makovu ya risasi mwilini. Makovu maana yake risasi zilimwingia. Walidhani ana miaka mia, wakaona meno yake yamekamilika, wakapunguza makadirio mpaka kama sitini. Huyo ni mnyama. Hajawahi kuwa bibi wa mtu.

Na radi je? Sisi watu wa mwisho wa reli tunataniwa nchi nzima kwamba tunatuma radi. Wanasayansi waliohesabu miale ya radi kwa setilaiti kati ya mwaka 1998 na 2013 walikuta kwamba baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, mahali penye radi nyingi zaidi duniani ni Kabare, mashariki mwa Kongo, kaskazini tu ya ziwa letu: miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Milima na joto la nchi hizi zinatosha kuzaa radi bila mtu kuzituma. Anayejenga afunge kizuia radi, na tuombe dua.

Sasa, Uislamu unasema nini? Hapa napenda tuwe makini, kwani wako wanaokanusha uchawi wote wakidhani ndiyo usomi, na wako wanaouamini wote wakidhani ndiyo imani. Qur'an imetaja sihri na kuiita ukafiri, na katika Sura al-Baqara aya ya 102 imeeleza kuwa wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Mtume (saw) ameitaja miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza. Hilo halina mjadala. Lakini rejea kisa cha Nabii Musa (as). Wachawi wa Firauni walipotupa kamba na fimbo zao, Sura al-A'raf aya ya 116 inasema waliyaroga macho ya watu, na Sura Ta-Ha aya ya 66 inasema Musa alionyeshwa kana kwamba zinakwenda. Kamba zilibaki kamba. Kilichogeuka kwa hakika ni fimbo ya Musa, nayo iligeuzwa na Allah (sw).

Wapo Bani Israil walioambiwa wawe manyani. Wafasiri wengi wamesema waligeuzwa kweli, na Mujahid akasema zilizogeuzwa ni nyoyo zao. Kwa kauli zote mbili aliyegeuza ni Mwenyezi Mungu, kwa adhabu, na katika Sahihi Muslim imethibiti kuwa waliogeuzwa hawakuacha kizazi. Majini nao wamepewa uwezo wa kujitokeza kwa maumbo, kama ilivyo katika hadithi ya Abu Hurayra (ra) na yule mwizi wa chakula cha zaka. Ama binadamu, Ibn Hajar amenukuu kuwa Sayyidna Umar (ra) alitajiwa mazimwi yanayogeuka, akajibu kwamba hakuna anayeweza kuliacha umbo aliloumbiwa na Allah, ila wana wachawi kama wachawi wenu, na mkiona jambo hilo basi adhinini. Hebu tafakari dawa hiyo. Umar hakusema wasakeni wazee mtaani.

Wako Waislamu waliojaribu kutengeneza mashujaa wetu wenyewe. Dkt. Naif Al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait, alianzisha mwaka 2006 vitabu vya picha viitwavyo The 99. Humo vijana wanapata nguvu kutokana na mawe 99 yaliyobeba elimu ya maktaba ya Baghdad, ile iliyoangamizwa na Wamongoli mwaka 1258. Mmoja wao, Jabbar, ni kijana wa Saudia aliyekanyaga bomu la ardhini akageuka jitu. Mwaka 2010 wakaunganishwa katika hadithi moja na Superman na Batman. Mwaka 2014 Mufti wa Saudia akavikemea vikali, kwa kuwa vinachezea Majina Matukufu ya Allah. Katika hilo niko na masheikh: jina la Mola halivalishwi mtu mwenye misuli. Lakini swali la daktari yule, kwamba watoto wetu wamuige nani, bado liko mezani, na kukemea peke yake hakujalijibu.

Nirudi mwambao, maana hapa ndipo panaponiuma. Hadithi ya kugeuka ikikosa mlango inatoka nje na kuua. Katika miaka ya 1930 lilitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vuguvugu la kusaka wachawi lililofika Ufipa, kusini mwa ziwa letu, kwa jina la Kamchape, na likarudi tena miaka ya 1960. Sheria ya Uchawi ilikuwa imetungwa tangu mwaka 1928, na jina la Kamchape bado linasikika katika vijiji vya mkoa wa Kigoma. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho yao, wekundu wa moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Na watu wenye ualbino, ambao kwa muda mrefu walisemwa kuwa hawafi bali hutoweka, walianza kuwindwa kwa wingi kuanzia mwaka 2007, mpaka watoto wakahamishiwa Kabanga, Kasulu, ili wapate pa kulala salama. Mtu wa kutoweka ni mtu wa hadithi, na muuaji akishakuweka katika hadithi haoni kwamba anaua. Kilichopungua kwa ndugu hawa ni rangi ya ngozi, waliyoirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Basi.

Niliwachukua wanafunzi wangu sita kwenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Tulikwenda na sukari na sabuni. Alitukaribisha jamvini, akawatazama mmoja mmoja, kisha akaniambia, "Maalim, mwanangu, mimi ningekuwa na uwezo wa kugeuka, ningegeuka msichana, nikajipandishia ndoo yangu mwenyewe." Watoto wakacheka, naye akacheka. Watano wakala miwa aliyowakatia. Wa sita, yule wa begi, alisimama mlangoni na hakuingia.

Jioni yake baba yake alinijia. Ni mtu msomi, mwenye kazi ya ofisini, na safu ya kwanza msikitini haimkosi. Alikuwa amekasirika. Alitaka kujua ni kwa idhini ya nani nimempeleka mwanawe kwenye nyumba ya mchawi.

Nilimjibu nilivyoweza, hatukuafikiana. Mtoto bado anahudhuria madrasa, ila akifika usawa wa nyumba ile anavuka barabara. Tumeahidiana na baba yake tukutane Ijumaa baada ya swala. Nimetia alama kurasa nitakazomsomea, za tafsiri ya Sura Ta-Ha, na kitabu cha Adili nitakibeba pia.