Somo: Minyoo Midogo Inayoua Mizizi ya Tomati

Ninyi mnaolima mboga kando ya mito na kuziuza sokoni Kolwezi, somo hili ni lenu. Umepanda tomati, umemwagilia asubuhi na jioni, nazo zimeota vema. Kisha, wakati wa kuzaa, waona majani yanageuka manjano. Jua likiwa kali shina lalegea, ijapokuwa udongo umelowa. Matunda ni machache na madogo. Mboga hizo ndizo fedha za masomo ya watoto na chumvi ya nyumbani. Basi huzuni ni kubwa, na maneno ni mengi. Mmoja asema: jirani ameniroga. Mwingine asema: ni maji ya mgodi. Kweli, maji mabaya ya mgodi yaweza kuharibu bustani. Lakini usihukumu kabla ya kutazama. Nilipokuwa mtoto wa shule, baba yangu mdogo aligombana na jirani yake kiangazi kizima kwa ajili ya bustani iliyokufa. Siku tulipong'oa shina moja tukaona kosa lilikuwa chini ya udongo. Lakini jirani hakurudi tena kula kwetu.

Namna ya kutazama

Chimba shina moja pole pole kwa jembe. Usilivute kwa nguvu, kwani mizizi itakatika na alama itabaki chini. Ioshe kwa maji. Mizizi yenye afya ni myembamba na laini. Ukiona mafundo mengi, kama kamba iliyofungwa-fungwa, umeupata ugonjwa. Usipoona mafundo, tafuta sababu nyingine.

Angalia sana: maharagwe na karanga zina vijidonge vizuri katika mizizi yake. Hivyo hutoka kwa ukucha, na ndani ni vyekundu kidogo, vinaulisha mmea. Fundo la ugonjwa halitoki bila kuuvunja mzizi.

Mnyoo huyu ni nani?

Ndani ya fundo anakaa mnyoo. Anapotoka katika yai hafikii nusu ya milimeta, jicho halimwoni. Huingia kwa ncha ya mzizi, akakaa mahali pamoja na kunyonya. Mzizi hujivimbisha pale, na maji hayapiti vema tena. Jike hunenepa kama kibuyu kidogo, naye hutaga mayai mamia. Udongo ukiwa na joto, kizazi kimoja chamalizika kwa majuma matatu au manne. Basi hesabu mwenyewe: tangu kupanda hata kuvuna, vizazi vingapi?

Kwa nguvu zake mwenyewe haendi mbali. Ni sisi tunaomchukua: kwa udongo ulioshika jembe na miguu, kwa maji yanayotoka bustani ya juu, na zaidi kwa miche yenye ugonjwa.

Minyoo ya namna hii ina ndugu wengi ulimwenguni. Mmoja huua misonobari. Kule Japani watu walidhani muda mrefu ya kuwa wadudu wa magome ndio wauaji, hata mwaka 1971 wataalamu wakaonyesha ya kuwa ni mnyoo. Yule huchukuliwa mti hata mti na mdudu mwenye pembe ndefu. Mwaka 1999 alionekana Ureno pia. Basi hata wenye elimu walimshitaki asiyekuwa mwenyewe, mpaka walipotazama ndani ya mti.

Yafaa kufanya nini?

Mti wa tomati uliokwisha kushikwa hauponi. Kazi yetu ni kuzuia.

1. Weka kitalu mahali papya, mbali na bustani ya zamani. Kabla ya kupanda mbegu, choma kuni na mabua juu yake mpaka udongo upate moto sana, uache upoe.

2. Ukinunua miche, tazama mizizi. Yenye fundo hata moja, usiipande.

3. Ukiisha kuvuna, usiache mizizi udongoni. Ing'oe yote, ianike, uichome. Usiitupe mtoni.

4. Mahali penye ugonjwa usipande tena tomati, wala bilinganya, bamia, matango au karoti. Panda karanga, kwani minyoo mingi ya tomati haizai ndani yake. Palilia vizuri, maana magugu mengi huilisha.

5. Sehemu unayoipumzisha usiimwagilie. Mwezi wa 8 mpaka wa 10, kabla ya mvua, igeuze kwa jembe mara mbili au tatu. Jua na ukavu huua wengi.

6. Tia samadi iliyooza. Mmea wenye chakula huvumilia zaidi.

7. Osha jembe kabla ya kuingia bustani nyingine.

Usimwage dawa usiyoijua. Maji ya bustani hurudi mtoni, na walio chini huyanywa.

Jueni pia: mmoja akifanya peke yake, maji ya jirani yatamletea minyoo upya. Fanyeni shauri pamoja, wote wa kijito kimoja.

Maulizo

Fundo la ugonjwa na kijidonge cha karanga vyatofautianaje? Nani humchukua mnyoo toka bustani hata bustani? Mwenzako akikuambia amerogwa, utamwambia achimbe nini kwanza?