Dhahabu ya Ndani: Fundi Aliyejazwa Roho

Maandiko ya somo: Kutoka 25:11; Kutoka 31:1–6; Kutoka 35:30–35; Kumbukumbu la Torati 22:8



Tukisema kanisani kwamba mtu amejazwa Roho, wengi wetu tunamfikiria mhubiri, mwombaji au kiongozi wa sifa. Sasa fungua Kutoka 31. Mungu anamwita mtu kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kumjaza Roho. Ampe madhabahu ahubiri? La. Anamjaza ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Huyu ni fundi. Kwa lugha ya leo, ni mtu wa mjengo.

Hapa kanisani kwetu tuna mafundi wengi: wa stima, wa mabomba, wa kuchomelea vyuma, waashi, maseremala. Jumapili wanakaa viti vya nyuma kama watu ambao kazi yao haihusu ufalme wa Mungu. Wiki hii nataka tuseme wazi kwamba kazi yao inahusu, na kwa sababu hiyo hiyo, jinsi walivyojifunza na jinsi wanavyoifanya ni jambo la kiroho.

1. Roho hakuchukua nafasi ya mafunzo

Angalia orodha ya vitu alivyopewa Bezaleli: hekima, ufahamu, maarifa, na ujuzi wa kila aina ya kazi. Kisha Kutoka 35:34 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyo wa kufundisha wengine. Kwa hivyo tangu jangwani, upako na mafunzo vilitembea pamoja.

Nimesikia kijana akisema, "Mimi sijasomea, lakini Mungu amenipa kipawa." Amina, kipawa ni cha Mungu. Lakini stima haiulizi kama umeokoka. Ile ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240, na inampiga mwenye kunena kwa lugha sawasawa na asiyeamini. Kipawa kinakufanya ujifunze haraka. Hakikuondolei haja ya kujifunza.

2. Mungu mwenyewe ana viwango vya ujenzi

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, kwa sababu watu walikuwa wanapanda huko juu. Mtu akianguka mahali pasipo ukuta, damu iko juu ya nyumba hiyo. Tazama vizuri: agizo si kuombea wageni wasianguke. Ni kujenga ukuta kabla mgeni hajafika.

Ukuta huo leo uko wapi? Chukua mfano wa shawa ya stima, ile ambayo karibu kila ploti ya kupangisha inayo. Shawa ya wati 5,400 kwenye volti 240 inavuta zaidi ya ampea 22. Inataka waya mnene wake peke yake, breka yake, na waya wa athi. Athi inaipa stima iliyovuja njia ya kwenda ardhini na kusaidia breka kukata. Ukiiruka, njia inayobaki ni mwili wa mtu aliyesimama kwenye maji bila viatu.

Halafu kuna fundi anayeunganisha shawa hiyo kwa waya mwembamba wa taa. Breka inakata kila mara, mwenye nyumba analalamika, fundi anaweka breka kubwa zaidi. Malalamiko yanaisha. Lakini breka iliwekwa kuulinda waya! Sasa waya unachemka ndani ya ukuta na hakuna kitu cha kuuzuia. Nyumba ikishika moto usiku tutakemea adui, na huenda adui hakuwa hata karibu. Ni kazi ya mikono ya mtu.

3. Dhahabu ya ndani

Katika Kutoka 25:11 Mungu anaagiza sanduku la agano lifunikwe dhahabu safi, ndani na nje. Nani angeona ndani? Sanduku lenyewe lilikaa nyuma ya pazia, mahali alipoingia kuhani mkuu mara moja kwa mwaka. Hata hivyo dhahabu ya ndani haikuwa ya kubahatisha.

Mpendwa fundi, plasta ni pazia lako. Nyuma yake kuna viungio vya waya ambavyo hakuna mteja atakayevikagua. Mteja anaona soketi imenyooka na taa inawaka, anakulipa. Ni wewe na Mungu tu mnaojua kama athi imefika kwenye soketi au imekatwa ikaachwa hapo. Ule msemo wa "itakaa tu" ni mafundisho ya uongo, hata kama haujasemwa madhabahuni.

4. Sahihi yako ni ushahidi

Sheria ya Kenya inataka anayefanya kazi ya kufunga stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli. Leseni ziko kwa madaraja, kuanzia C-2 na C-1, kisha B, A-2 na A-1, kulingana na mafunzo na uzoefu. Kazi ikiisha, mwenye leseni anaipima na kutia sahihi cheti, ndipo nyumba iunganishwe na Kenya Power.

Hapo ndipo dhambi moja inaingia kimya kimya. Mtu asiye na leseni anafanya kazi, kisha anamtafuta mwenye leseni amwekee sahihi kwa ada kidogo. Mwenye leseni hajafika pale, hajapima chochote. Wengi wanaiita kusaidiana. Mimi naisoma kama ushahidi wa uongo, amri ya tisa, kwa sababu karatasi inasema "nimeona" na wewe hujaona. Na familia itakayohamia humo italala ikiiamini sahihi hiyo.

5. Kwa sisi tunaolipa

Nilisomea biashara, na somo moja halijanitoka: bei ikishuka chini ya gharama, kuna kitu kitakatwa mahali ambapo huoni. Tunamwambia fundi, "Nifanyie kama ndugu katika Bwana," tunapunguza mpaka nusu, halafu malipo yenyewe tunayaahirisha miezi miwili. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Umoja wa kanisa haununui waya dukani. Mlipe vizuri, kisha uwe na ujasiri wa kumwomba leseni. Na kanisa lianze na jengo lake.

Wazazi, nanyi. Mtoto akielekea chuo cha ufundi tunasema "amekosa chuo kikuu", kana kwamba ni msiba. Tukiwapeleka huko kwa aibu, tusishangae wakifanya kazi bila heshima.

Pengine wewe ni fundi uliyejifunza kwa kubeba vifaa vya mwingine miaka kumi, na huna karatasi yoyote. Sikuhukumu. Mikono yako inaweza kuwa bora kuliko ya mwenye diploma. Mlango upo: NITA inatoa mtihani wa ufundi, Gredi III, II na I, hata kwa aliyejifunzia kazini. Jiandikishe. Mtihani utakuonyesha unachojua, na utafichua lile pengo ambalo mwalimu wako naye hakulijua. Bezaleli alijazwa ujuzi na kutiwa moyo wa kufundisha. Usimrithishe kijana wako makosa.

Hatua za wiki hii

Fundi: taja kazi moja unayojua uliiacha nusu nyuma ya plasta. Rudi uirekebishe, hata kama hulipwi.

Mwenye nyumba au landilodi: mwite fundi mwenye leseni apime athi na breka za shawa zako kabla ya kuomba ulinzi wa Mungu juu ya wapangaji.

Maswali ya kanisa la nyumbani

1. Kwa nini Mungu alitaka dhahabu ndani ya sanduku, mahali pasipoonekana?
2. Je, tunawaheshimu mafundi wetu kama tunavyowaheshimu waimbaji?
3. Tunaweza kufanya nini ili kijana mmoja wa kikundi chetu alipiwe mtihani wa ufundi mwaka huu?

Tuombe

Bwana, asante kwa mikono uliyotupa. Wajaze mafundi wetu Roho wako kama Bezaleli, uwape kiu ya kujifunza na moyo wa kufundisha. Tuondolee haraka na tamaa. Kazi yetu iliyofichwa iwe safi mbele zako, na yeyote atakayelala chini ya paa tulilolishika alale salama. Katika jina la Yesu, amina.