Kubandua Stika Kuukuu za Magari na Faida ya Laminesheni

Abiria anayesubiri usafiri Kawe asubuhi huyasoma magari kabla ya kuyapanda. Daladala humjulisha njia yake kwa utepe wa rangi ubavuni na kwa majina ya vituo vya mwanzo na mwisho wa safari. Basi la shule humhakikishia mzazi kwamba hilo ndilo la mwanawe. Gari la kampuni humweleza mwenye nyumba ni nani anayebisha hodi. Maandishi hayo ni taarifa kwa umma, na watu huyaamini.

Gari linapouzwa, au linapohamishiwa njia nyingine, huku maandishi ya zamani yakiachwa, taarifa hiyo hugeuka kuwa uongo unaotembea barabarani. Mtoto anaweza kupanda basi lisilo lake. Mgeni wa jiji anaweza kupelekwa asikokwenda. Mlinzi anaweza kufungua geti kwa jina la kampuni ambayo haina tena uhusiano na gari hilo. Kwa hiyo, kubandua stika kuukuu ni sehemu ya usalama wa jamii, mbali na kulipendezesha gari.

Makala haya yanawalenga wamiliki wa vyombo vya moto, mafundi rangi na vijana wenye vibanda vya stika katika kata zetu. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: ugumu au wepesi wa kubandua stika huamuliwa siku inapobandikwa.

Stika huzeekaje?

Stika ya gari ni utando mwembamba wa plastiki aina ya vinaili wenye gundi upande wa nyuma. Vinaili kwa asili yake ni ngumu, hivyo kiwandani huchanganywa na vilainishi ili ikunjike bila kuvunjika. Ipo ya aina mbili. Ya kwanza, ambayo ni ya bei nafuu, hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya roli za moto. Ni nene kidogo na husinyaa kadiri muda unavyopita. Ya pili humiminwa ikiwa majimaji kisha hukaushwa. Ni nyembamba zaidi, hukaa vyema kwenye mikunjo ya bodi na haisinyai kwa urahisi.

Adui mkubwa wa zote mbili ni jua. Dar es Salaam ipo karibu na ikweta, na jua la mchana hupita utosini mara mbili kila mwaka. Mionzi yake hufifisha wino, hukausha vilainishi na hufanya gundi ing'ang'anie rangi ya gari. Ndiyo maana stika ya kwenye boneti au paa, inayolitazama jua moja kwa moja, huchakaa mapema kuliko ya mlangoni. Stika iliyofikia hali hiyo haibanduki kama karatasi moja. Humeguka vipande vidogo kama ganda la yai, na kazi ya saa moja huweza kuchukua siku nzima.

Hatua za kubandua

1. Osha gari kwa maji na sabuni, kisha likaushe. Mchanga uliobaki utakwaruza rangi wakati wa kazi.

2. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huvumilia, lakini rangi iliyorudiwa gereji bila maandalizi mazuri inaweza kutoka pamoja na stika. Fundi amweleze mteja hatari hiyo kabla ya kuanza, si baada ya rangi kutoka.

3. Pasha stika joto. Draya ya saluni inatosha kwa kazi ndogo; mafundi hutumia mashine ya kupuliza hewa ya moto. Iweke umbali wa shubiri moja hivi na uisogeze muda wote bila kuisimamisha sehemu moja. Stika ikilainika, joto limetosha. Ikianza kujikunja au kutoa harufu ya kuungua, umezidisha.

4. Inua kona kwa ukucha au kadi ngumu ya plastiki, kisha vuta polepole huku ukiirudisha stika nyuma, karibu kulala juu ya bodi. Anayevuta kwa pupa huikata stika na kuiacha gundi.

5. Ondoa gundi iliyobaki kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Iache dakika chache ilainike, pangusa, kisha osha kwa sabuni. Zima kwanza mashine ya joto, na fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na moto wala sigara.

6. Piga polishi. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua, hivyo huonekana mpya kuliko ya pembeni na maandishi huacha kivuli. Polishi hupunguza tofauti hiyo. Ikiwa jina bado linasomeka, sehemu hiyo ipakwe rangi upya.

Kwenye kioo, lowesha kwa maji ya sabuni na utumie wembe uliolazwa. Usitumie wembe kwenye kioo cha nyuma chenye nyuzi za kuondoa ukungu, kwani ukizikata hazitafanya kazi tena.

Mambo ya kuepuka

Usitumie petroli: mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Tina kali huyeyusha rangi iliyorudiwa na huharibu plastiki za bampa na taa. Msasa na kisu huacha makovu ambayo polishi haiyafichi. Usibandue viakisi mwanga. Hivyo ndivyo vinavyofanya gari lionekane usiku.

Mabaki nayo yasichomwe. Vinaili ikiungua hutoa gesi ya asidi na sumu nyingine zinazodhuru wachomaji na majirani. Yasitupwe pia mitaroni, ambako huziba njia za maji na kuishia Mto Mlalakuwa, na hatimaye baharini. Yakusanywe kwenye mfuko na kukabidhiwa kwa wazoa taka wa mtaa.

Laminesheni inasaidia nini?

Laminesheni ni tabaka la plastiki angavu linalobandikwa juu ya stika iliyochapwa. Kazi zake ni tatu. Kwanza, hupunguza mionzi ya jua inayofika kwenye wino, hivyo rangi hudumu. Pili, huukinga wino dhidi ya brashi za kuoshea magari, vumbi na matone ya mafuta. Tatu, ambayo wengi hawaifikirii, huipa stika mwili: siku ya kubandua, hutoka ikiwa vipande vikubwa badala ya kumeguka.

Hata hivyo, laminesheni mbaya ni hasara. Ni lazima iwe ya aina moja na stika iliyo chini yake. Moja ikisinyaa na nyingine isisinyae, kingo huinuka. Wino wenye kimiminika cha kuyeyushia nao uachwe ukauke angalau saa 24 kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke unaonaswa ndani hudhoofisha gundi. Herufi zilizokatwa kwenye vinaili yenye rangi yake, bila kuchapwa, zinaweza kudumu bila laminesheni.

Mmiliki amuulize fundi maswali manne kabla ya kulipa: Stika ni ya aina gani? Italaminetiwa? Wino umekauka kwa muda gani? Inafaa kubanduliwa baada ya miaka mingapi? Tofauti ya bei utakayoambiwa ilinganishwe na gharama ya kupaka mlango mzima rangi upya.

Fursa kwa vijana

Kazi hii ni ajira. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wa Kawe wanaotaka kununua mashine ya laminesheni au vifaa vya kubandulia wanashauriwa kuunda kikundi na kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelekezo.

Kwa mmiliki aliyenunua gari lililotumika, hatua ya kwanza ni rahisi: lizunguke gari lako leo na usome kila kilichoandikwa. Kisicho kweli tena, kibanduliwe kabla halijarudi barabarani.